Kila Idara na Amana Yake

Swali: Hospitali yetu ina programu tatu, ya usajili, ya maabara na ya malipo, nazo hazisikilizani. Je, tuhamishie taarifa zote katika hazina moja?

Jibu: La, msiharakie kuhama. Estonia, ambayo tangu mwaka 2001 hutumia mfumo uitwao X-Road, haikukusanya taarifa za raia wake mahali pamoja, bali iliiachia kila idara amana yake, ikijibu maswali ya wenziwe kupitia seva ya usalama ambayo hutia sahihi kila ujumbe na kuuhifadhi, ili ijulikane baadaye nani aliuliza nini. Nanyi, kadhalika, ipeni kila programu huduma chache zenye mkataba ulioandikwa: maabara itoe matokeo ya mgonjwa aliyeuliziwa, wala isimruhusu yeyote kuchungulia majedwali yake ya ndani.

Taabu kubwa, kwa tajiriba yangu, haimo katika nyaya bali katika maana: 03/04 kwa mmoja ni Aprili, kwa mwingine ni Machi, na Fatuma wa usajili huwa Fatma wa maabara. Waestonia hutegemea nambari ya utambulisho ya tarakimu 11. Afikianeni kwanza juu ya nambari ya mgonjwa na uandishi wa tarehe, kabla hamjamlipa mtu yeyote kuandika programu.