Baba, Usimshuku Mama: Vijidudu vya Wakati wa Kujifungua



Jioni moja baada ya mafundisho ya ndoa hapa Kilelengwani, baba mmoja alinivuta kando. Mkewe mjamzito alipimwa hospitalini akaambiwa ana vijidudu viitwavyo streptokoka kundi B katika njia ya uzazi. Tangu siku hiyo hawasemezani. Kwake yeye, huo ulikuwa ushahidi wa uzinzi.

Nilimwambia arudi nyumbani akaombe msamaha kwanza. Vijidudu hivyo huishi katika matumbo na njia ya uzazi ya wanawake wengi walio wazima, wala havihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Huko Kilifi, jirani zetu, wajawazito karibu 8,000 walipimwa kati ya 2011 na 2013, na kama 12 katika kila 100 walikuwa navyo. Mama hasikii lolote. Lakini mtoto anaweza kuambukizwa akizaliwa, au hata akiwa bado tumboni, akafa upesi.

Kwa hiyo, baba, acha maswali ya wivu. Uliza hivi: chupa imepasuka saa ngapi? Zikipita saa 18 kabla ya mtoto kuzaliwa, hatari huzidi. Usizingoje, nendeni mara moja, na mwambieni muuguzi majibu ya vipimo. Dawa ya mshipani wakati wa uchungu humkinga mtoto.

Wakisharudi nyumbani, kila ampokeaye mtoto anawe kwa sabuni, nyanya pia. (Mwaka 1847 huko Vienna, Daktari Semmelweis aliwalazimisha madaktari kunawa kabla ya kuzalisha, na vifo vya wazazi vikapungua sana. Wenzake walimcheka.) Kitovu kisipakwe majivu wala samadi.

Mama akipata homa, maumivu chini ya kitovu au damu inayonuka, msimkande tu kwa maji moto mkisema ni baridi. Mtoto akikataa ziwa, akipumua mbio, akilegea, akiwa wa moto au baridi kupita kiasi, ni hospitali saa ileile. Mama mkwe tunamheshimu, lakini zile siku 40 za kukaa ndani hazimzuii mgonjwa kutibiwa.

Nasi wa huku mtoni tunajua barabara hukatika Tana ikifurika, kama mwaka 2018. Mimba ikitimiza miezi minane wakati wa mvua, mama ahamie kwa jamaa aliye karibu na hospitali. Na nauli aishike yeye mwenyewe, isikae mfukoni mwa baba aliye malishoni.