DAWA YA MOTO NI MOTO: VIRUSI DHIDI YA SARATANI

Leo nataka tuzungumzie ugonjwa ambao wazee wetu huuonea haya: saratani ya tezi kibofu. Tezi hii iko chini ya kibofu cha mkojo, na wanaume ndio walio nayo. Kwa sababu ya aibu, wengi hufika hospitalini maji yameshafika shingoni.

Sasa, virusi vinaingiaje hapa? Kwani si ndivyo vinavyotuletea mafua? Naam, lakini vina ufundi mmoja: vinajua kuingia ndani ya seli na kupeleka jeni zao. Wanasayansi huchukua adenovirusi, huviondolea jeni za kuzaana, kisha huvipachika jeni kutoka kwa virusi vya malengelenge. Ni kama kumpokonya mwizi panga, halafu ukamtuma apeleke barua, maana anajua kila mlango!

Hebu tufuate hatua zenyewe:

1. Daktari hudunga virusi hivyo ndani ya tezi.
2. Seli zilizoingiwa husoma jeni ile na kutengeneza kimeng'enya.
3. Mgonjwa humeza dawa ya valasiklovia. Kimeng'enya kile huanza kuigeuza kuwa sumu.
4. Seli inayojigawa hushindwa kunakili DNA yake, ikafa. Sumu huvuja hadi kwa seli jirani, na mabaki huamsha kinga ya mwili.

Huko Houston, Marekani, matokeo ya jaribio la kwanza la namna hii, kwa wagonjwa 18, yalichapishwa mwaka wa 1999. Mwaka huohuo Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 mwenye maradhi ya ini, alifariki Philadelphia baada ya kudungwa adenovirusi. Basi tusidhani ni mchezo. Desemba 2024 yalitangazwa matokeo ya wanaume 745 waliotibiwa kwa mionzi. Kwa wale walioongezewa virusi, hatari ya saratani kurudi au ya kufa ilipungua kwa asilimia 30 hivi, ikilinganishwa na waliopewa dawa bandia.

Kwa maoni yangu, hata virusi hodari havimsaidii mtu anayenyamaza. Ukienda likizo, mwenzangu, kaa na mzee umwulize kama mkojo unamsumbua. Huenda si saratani, lakini mwenye kujua ni daktari. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.