SOMO LA AFYA: Kabla ya Kumeza Kidonge cha Kamera

Zamani daktari akitaka kuona ndani ya tumbo alipitisha mpira wenye taa kinywani mwa mgonjwa. Mpira huo bado unatumika. Lakini tangu mwaka 2001 kuna njia nyingine: mgonjwa humeza kidonge chenye kamera ndogo. Urefu wake ni kama milimita 26, na unene milimita 11. Kinapiga picha na kuzituma kwenye chombo kilichoko nje ya mwili. Vipo vidonge vya kupimia mfuko wa chakula ambavyo daktari huviongoza kwa sumaku.

Kipimo hiki hakipo katika zahanati zetu. Kipo katika hospitali kubwa chache. Hata hivyo tujifunze masharti yake, maana hata anayepimwa kwa mpira huambiwa asile.

Kwa nini asile?

Tuchukue taa ya chemni. Chemni ikiwa na masizi, utambi unawaka lakini nuru haitoki. Tumbo nalo ni hivyo hivyo. Likiwa na ugali, ute na mapovu, kidonda hujificha. Kamera haina mkono wa kufuta. Mgonjwa anaweza kuambiwa hana kitu, kumbe ana kidonda, au kansa inayoanza.

Mambo ya kufanya

1. Usile kwa muda ulioambiwa. Mara nyingi ni saa 8 hadi 12. Uji ni chakula. Chai ya maziwa nayo ni chakula. Sigara pia acha.

2. Taja dawa zote unazotumia. Vidonge vya kuongeza damu hutia weusi tumboni, kwa hiyo huachwa siku kadhaa kabla. Mwenye ugonjwa wa sukari asibadili dawa zake mwenyewe; amuulize daktari.

3. Sema kama umewahi kupasuliwa tumbo, kama unameza kwa shida, kama una mimba, au kama una kifaa cha moyo. Pakiwa na mahali palipobana, kidonge kinaweza kukwama.

4. Hospitalini utapewa dawa ya kuondoa mapovu, kisha maji mengi. Yanywe yote. Maji hutanua mfuko wa chakula ili mikunjo yake ifunguke. Ukiambiwa ugeuke ubavu, geuka.

Soma karatasi yako vizuri

Hapa ndipo kisomo kinapotusaidia. Tuseme karatasi imeandikwa "usile baada ya saa 8 usiku". Je, ni saa mbili au saa nane? Wengine huandika kwa saa za Kizungu. Uliza kabla hujaondoka. Usipouliza, utauza kuku upate nauli, usafiri kutwa nzima, halafu urudishwe nyumbani bila kupimwa.

Baada ya kupimwa

Kidonge hutoka chenyewe kwa njia ya choo, kwa kawaida baada ya siku chache. Kabla hakijatoka, usipimwe kwa mashine kubwa ya sumaku. Ukiumwa tumbo au ukitapika, rudi hospitali upesi. Na kumbuka, kidonge huona tu, hakikati nyama ya kupima. Kikiona jambo la mashaka, huenda ukahitaji mpira pia. Usikatae.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini uji unaharibu kipimo?
2. Mambo gani tumwambie daktari mapema?
3. Nani kijijini kwetu hajui kusoma, na tutamsaidiaje kusoma karatasi yake ya hospitali?