Mafuta ya Ufuta: Yapi ya Kukaangia, Yapi ya Kutilia Mwishoni?

Mama mmoja kutoka tambarare za chini ya Uluguru alituletea mtoto wa miezi 11 aliyekuwa amepungua uzito. Tulimpima, hakuwa na malaria wala ugonjwa mwingine. Uji wake ulikuwa maji na sembe tu, na huku nyumbani magunia mawili ya ufuta yakingoja bei. Tulipouliza kwa nini hautiwi mafuta, alijibu: "Sista, yananuka moshi, mtoto anayatema."

Mafuta haya, ambayo wazee wa pwani huyaita uto, yako ya namna mbili. Yaliyokamuliwa kwa mbegu mbichi zilizoanikwa vizuri yana rangi ya manjano hafifu na harufu ndogo. Hayo ndiyo ya kukaangia vitunguu, kuungia maharage na kutia katika uji. Mbegu zikikaangwa kabla ya kukamuliwa, mafuta huwa ya kahawia, yenye harufu kali, na huungua upesi. Yafaa kutiwa kijiko kimoja tu, chakula kikisha kuiva.

Mama yule alikuwa na haya ya kahawia, tena aliyachemsha kwanza mpaka yafuke moshi ili "kuua ubichi". Hata sisi tulifundishwa hivyo na bibi zetu! Lakini mafuta yakifuka moshi huwa machungu na hupoteza ubora. Yaepueni mapema.

Kwa mtoto, tieni kijiko kimoja cha chai katika bakuli la uji mzito ulioepuliwa. Humwongezea kalori kama 40 bila kulijaza tumbo lake dogo. Katika mchicha au karoti za Mgeta, mafuta husaidia mwili kupata vitamini A. Mara ya kwanza anzeni na matone machache. Akitoka vipele, akivimba midomo au akipumua kwa shida, mkimbizeni hospitali.

Hata hivyo protini, chokaa na madini ya chuma hubaki kwenye mashudu, ambayo wengi wetu huwapa kuku. Kwa hiyo kaangeni kidogo mbegu nzima, mzitwange ziwe laini kabisa, mkoroge katika uji pamoja na maharage yaliyopondwa.

Hifadhini mafuta gizani, katika chupa safi na kavu. Kamwe msitumie chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya shamba.

Mtoto yule amerudi kwenye mizani mara mbili, na mara zote ameongezeka. Gunia moja limeuzwa. La pili mama amelipunguza debe zima la kula nyumbani.