Dondoo muhimu: Programu ipi ya kuchati inakufaa?

Kabla ya kupakua chochote, jiulize unamficha nani. Kama hofu yako ni mtu wa nyumbani anayeshika simu yako, kubadili programu hakutakusaidia sana. Weka nywila, funga programu yenyewe, na zima ujumbe unaojitokeza kwenye kioo simu ikiwa imefungwa.

WhatsApp inawatosha wengi. Tangu 2016 ujumbe wake husimbwa kutoka simu hadi simu, hata kampuni haiusomi. Hatari ipo kwenye nakala za akiba: zikienda Google Drive au iCloud bila kusimbwa, ulinzi ule unaishia hapo. Ingia kwenye mipangilio ya soga uwashe usimbaji wa nakala. Usiiahirishe kazi hii.

Telegram usiitegemee kwa siri. Soga za kawaida na makundi hukaa kwenye seva za kampuni. Ni soga ya siri tu, ya watu wawili, unayoifungua mwenyewe, inayosimbwa mwanzo hadi mwisho.

Kwa mwanahabari, wakili au mke anayemkimbia mume mkatili, ningechagua Signal bila kusita. Kujisajili kunahitaji namba ya simu, lakini tangu 2024 unaweza kuwapa watu jina la mtumiaji badala ya namba hiyo. Usiyetaka kutoa namba kabisa, tazama Threema, ya kulipia.

Vyovyote utakavyochagua, washa ujumbe unaojifuta. Simu ya mwenzako ikichukuliwa, maneno yako nayo yamo humo.