Mguu Mmoja Kwanza: Kwa Wadogo Zangu Mnaotaka Kujua Baiskeli

Wadogo zangu wa Kasulu, Kibondo na vijiji vyote vya katikati, leo kwenye kona yetu tuzungumze baiskeli. Siyo ile ya kupakiwa, hiyo mnaijua tangu utotoni: umekaa upande kwenye keria, miguu imening'inia, unashuka pale anapotaka mwenye baiskeli. Nazungumzia ya kuendesha mwenyewe, usukani uko mikononi mwako, wewe ndiye unayeamua uondoke saa ngapi na usimame wapi.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Dada, nimeshakuwa mtu mzima, nitaanzia wapi?" Jibu langu ni moja, na nitalishikilia mpaka mwisho: anzia kwenye mguu mmoja. Mguu wa kushoto ukanyage pedeli, wa kulia ubaki chini ukisukuma ardhi, na siti isahau kabisa kwa sasa. Wengi waliokata tamaa walipandishwa kwenye siti siku ya kwanza, miguu yote miwili hewani, mtu akawasukuma kwa nyuma huku akipiga kelele "kanyaga, kanyaga!" Mwili ukishaingiwa na hofu namna hiyo haujifunzi chochote, unangoja tu kuanguka. Kwa mguu mmoja hofu haina pa kukaa, kwa sababu ardhi unayo muda wote.

Msione aibu mkidhani huo ni mwanzo wa kitoto. Baiskeli yenyewe ilianza hivyo. Mwaka 1817, Mjerumani Karl Drais alipotoka na chombo chake cha mbao cha magurudumu mawili, hakikuwa na pedeli wala cheni. Mtu alikaa juu na kusukuma ardhi kwa miguu yake. Pedeli zilikuja miaka ya 1860 huko Ufaransa. Yaani kwa zaidi ya miaka 40 watu walijua kukaa sawasawa juu ya magurudumu mawili kabla hawajajua kukanyaga. Na huko Goma, Kongo, vijana wanabeba magunia ya viazi na mkaa kwa chukudu, chombo cha mbao kisicho na pedeli hata moja: goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma barabara. Mjini humo walijengewa sanamu ya rangi ya dhahabu kwa kazi hiyo.

Hata ndugu waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakahamia Marekani na Kanada wanakutana na somo lilelile wakiwa kwenye baridi. Anayejifunza kuteleza juu ya theluji kwa ubao mmoja hufungwa mguu wa mbele tu. Wa nyuma unaachwa huru, anasukuma nao kwenye tambarare, halafu anauweka juu ya ubao na kuserereka kidogo. Na hata akishakuwa fundi, kila anapopanda kiti cha kamba cha kumpeleka mlimani anaufungua tena mguu wa nyuma, na akifika juu anashuka kwenye kiti akiserereka hivyohivyo. Popote penye chombo cha kuteleza au kuviringika, mguu huru ndio mwalimu wa kwanza.

Kabla hujagusa pedeli

Chagua mahali. Barabara kuu ya Kasulu kwenda Kibondo si darasa. Ina malori, mabasi na bodaboda zisizongoja mtu. Tafuta kiwanja cha mpira au uwanja wa shule baada ya masomo, penye majani mafupi na mteremko mdogo sana. Majani yatakupokea ukianguka, na mteremko utakusaidia kuserereka bila kutumia nguvu. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndio wakati mzuri, ila angalieni vumbi jembamba lililolala juu ya changarawe: tairi likikata kona pale linateleza kama kwenye tope.

Ikague baiskeli, hasa kama ya kuazima. Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likiingia ndani kirahisi, tia upepo. Bana gurudumu la mbele katikati ya magoti yako, kisha jaribu kuzungusha usukani. Ukizunguka peke yake huku gurudumu limetulia, nati imelegea, mpelekee fundi. Shika breki moja baada ya nyingine na usukume baiskeli mbele, lazima igome. Mwisho angalia pedeli ya kushoto. Baiskeli nyingi za kwetu zimebaki na chuma kitupu mahali pa pedeli. Huwezi kujifunza mguu mmoja juu ya chuma cha mviringo, utateleza uumie ugoko.

Kuhusu mavazi, vaeni suruali au kaptula ndefu ndani ya sketi, na kanga au kitenge kifungwe juu, ncha zisibaki zikining'inia. Viatu viwe vya kushika mguu, kandambili huchomoka. Mwenye kofia ngumu aivae.

Kwa nini upande wa kushoto

Simama kushoto kwa baiskeli yako. Sababu ni mbili, nami nataka mzijue, msifuate tu kwa mazoea. Cheni iko kulia, pamoja na grisi yake na meno yanayopenda kutafuna nguo. Upande wa kushoto ni msafi. Tena sisi tunapita kushoto mwa barabara. Ukipanda na kushuka kwa kushoto, unakuwa ukingoni, mbali na magari.

Kwanza ikokote tu. Tembea nayo uwanja mzima, mikono miwili kwenye usukani, ukate kona, usimame kwa breki, uanze tena. Hapa mikono inajifunza uzito wa chombo.

Sasa zungusha pedeli ya kushoto mpaka ifike chini kabisa. Hili msilipuuze. Ikiwa juu au katikati, ukiikanyaga itashuka ghafla na kukuyumbisha. Ikiwa chini, inatulia kama ngazi. Weka juu yake sehemu pana ya mbele ya mguu wa kushoto, siyo kisigino. Mguu wa kulia usukume ardhi mara moja, taratibu, kisha uunyanyue kidogo. Ukishuka, sukuma tena.

Utaona kwamba mwili wako wote umesimama upande mmoja wa baiskeli, kwa hiyo baiskeli inataka kukulalia. Iache iinamie kidogo kulia, upande wa pili wako. Uzito wako na wa chombo ukikutana juu ya mstari wa matairi, mtatulia nyote wawili. Hilo halielezeki kwa maneno peke yake, lakini mguu wa kushoto utalitambua: pedeli inaacha kutetemeka.

Macho yatazame mbele, pale unapotaka kufika, siyo kwenye gurudumu. Ukitazama jiwe, mikono itakupeleka kwenye jiwe. Na ukihisi unaangukia kushoto, geuza usukani kidogo kushoto. Najua moyo utakuambia ukimbilie kulia. Usiusikilize. Ukigeuza upande unaoangukia, matairi yanarudi chini ya mwili wako na unasimama wima tena. Huo ndio mhimili wa elimu yote ya baiskeli, na mguu mmoja unakufundisha ukiwa bado unaweza kukanyaga chini.

Methali inasema mwenda pole hajikwai. Kwenye magurudumu mawili kuna kipimo chake: anayekwenda pole kupita kiasi ndiye anayeyumba, kwa sababu chombo kinahitaji mwendo ili usukani uweze kukiokoa. Kwa hiyo ukishazoea kusukuma mara moja moja, sukuma mara tatu mfululizo, kisha mguu wa kulia uufiche nyuma ya wa kushoto na userereke. Chagua alama, mti au goli, uone kama leo utaifikia kabla mguu haujagusa chini. Ukishaweza kuserereka ukiwa umetulia, kukata kona pana kushoto na kulia, na kusimama pale ulipopanga, wewe tayari ni mwendesha baiskeli. Kilichobaki ni kukaa.

Kutoka mguu mmoja hadi miwili

Mwombe fundi ashushe siti mpaka nyayo zako zote mbili ziguse ardhi ukiwa umekaa. Baiskeli yenye bomba lililoshuka katikati ni rafiki zaidi kwa sketi, ila hata ya bomba la juu inafaa, mradi upitishe mguu mbele ya siti kwa kuiinamisha kidogo. Kaa, sukuma ardhi kwa miguu yote miwili kama walivyofanya wale wa 1817, userereke. Ukitulia, weka mguu wa kushoto kwenye pedeli, kisha wa kulia, ukanyage. Mwili utakuwa umeshajua kazi, utashangaa jinsi ilivyo nyepesi.

Breki zifundishe vidole mapema. Anza kubana ya nyuma, kisha ongeza ya mbele polepole. Ukibana ya mbele peke yake kwa nguvu kwenye mteremko, gurudumu linasimama nawe unaendelea. Mvua ikinyesha, rimu zikilowa, breki hushika kwa kuchelewa. Anza kubana mapema zaidi. Na kwenye mteremko mkali wa milima yetu, shuka uikokote. Hakuna atakayekudai.

Msidhani mguu mmoja utauacha uwanjani. Ukishaweka dumu la lita 20 kwenye keria, hizo ni kilo 20 za maji, na mguu hauwezi tena kupita nyuma juu ya mzigo. Utaanza kwa kukanyaga pedeli ya kushoto, kusukuma, kisha kupitisha mguu mbele. Anza na mzigo mdogo. Na dumu lijazwe hadi juu, au liwe tupu. La nusu linachezesha maji, nayo maji yanachezesha usukani.

Maneno ya watu

Sasa tuzungumze yale mnayonong'onezana. Mnaambiwa msichana akiendesha baiskeli anapoteza ubikira. Wadogo zangu, ubikira haupimwi kwa ngozi. Kile kiwambo cha ukeni hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitaka kupima wasichana ubikira kukomeshwe, kwa sababu kipimo hicho hakina msingi wowote wa kitabibu. Heshima yako haikai kwenye siti ya baiskeli. Ukiwa mjamzito, hasa miezi ya mwisho, usianze kujifunza. Hilo ni kwa ajili ya kuepuka kuanguka, ngoja ujifungue kwanza.

Wengine watasema usukani ni wa wanaume. Wakumbusheni kwa upole kwamba Heru, hapohapo Kasulu, iliwahi kutawaliwa na Mwami Theresa Ntare, mwanamke, enzi za Waingereza. Nchi iliyokubali kuongozwa na mwanamke haiwezi kushindwa na mwanamke mwenye baiskeli.

Lililo zito zaidi ni la mwalimu. Ajifunzaye kwa mguu mmoja hahitaji kushikwa, na hiyo ni faida kubwa kwako. Ukitaka msaada, mwenzako akae kando akutazame, au ashike nyuma ya siti. Hana sababu ya kukushika kiuno. Akifanya hivyo, shuka, mrudishie baiskeli, nenda nyumbani, mwambie mtu mzima unayemwamini. Kama ni ya kukodi, lipeni bei iliyosemwa mbele ya watu, kwa fedha. Atakayesema "tutaelewana baadaye" mwambieni tuelewane sasa, au asante.

Ukianguka ukachubuka, osha kidonda kwa maji safi na sabuni hadi vumbi lote litoke, kisha uende kituo cha afya ukaulizie chanjo ya pepopunda. Aliyegonga kichwa akaanza kutapika au kusinzia kusiko kwa kawaida apelekwe hospitali haraka, asiachwe alale.

Nawaomba jambo moja. Baiskeli inafupisha njia ya shule, ya zahanati, ya shamba na ya gulio la Mabamba, lakini kwa anayejua kuiendesha tu. Mama anayemngoja mtu wa kumpakia mtoto mwenye homa anapoteza muda ambao hana. Kwa hiyo tafuteni wenzenu wawili, azimeni baiskeli moja, mkutane uwanjani Jumamosi jioni: mmoja asukume ardhi, mmoja atazame, mmoja apumzike, kisha mbadilishane. Anayetangulia kujua asiondoke. Abaki mpaka wa mwisho aweze kuserereka, maana aliyefundishwa na mwenzake hana deni kwa mtu yeyote.

Dada yenu.