KIPOLANDI KILIVYOFIKA OSCAR

Nimewaletea somo kuhusu sinema za lugha ya Kipolandi na namna zinavyoshindania tuzo za kimataifa. Najua kuna atakayeuliza, "Sisi na Polandi wapi na wapi?" Tulia ndugu yangu, nitakueleza.

Mambo yalianza muhula wa kwanza. Chama chetu kilikuwa kimekubaliana kutunga filamu fupi ya kupeleka kwenye tamasha la drama, na ubishi ukazuka kuhusu lugha. Mwenzetu mmoja akasimama akasema Kiswahili hakivuki mpaka, eti mtu wa mbali akitazama hataambulia kitu, kwa hivyo tutumie Kiingereza. Tukapiga kura. Nakiri mbele yenu kwamba mimi, katibu wa chama cha Kiswahili, niliinua mkono upande wa Kiingereza. Tulishinda kwa kura mbili. Mlezi wa chama hakutugombeza hata kidogo. Ijumaa iliyofuata alikuja na projekta, akafunga mapazia, akatuonyesha filamu inayoitwa Ida.

Filamu hiyo haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu, na huchukua dakika 82. Msichana aitwaye Anna amelelewa na watawa na anakaribia kula nadhiri. Ni mwaka wa 1962. Kabla ya siku hiyo anaambiwa aende kumwona dada ya mama yake, jamaa pekee aliyebaki. Huko ndiko anakojua kwamba jina lake halisi ni Ida, kwamba yeye ni Myahudi, na kwamba wazazi wake waliuawa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Basi wawili hao wanashika njia kutafuta walikozikwa. Wanasema machache mno. Sisi tulikuwa tukisoma tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na baada ya dakika kumi nikasahau kabisa kwamba ninasoma. Yule aliyesema lugha haivuki mpaka alikuwa amekaa mbele yangu, na nilimsikia akivuta kamasi.

Tarehe 22 Februari 2015 Ida ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ya kwanza kwa Polandi katika kundi hilo. Mwelekezi wake, Paweł Pawlikowski, alihama Polandi akiwa na miaka 14, akaishi Uingereza na kutengeneza filamu za Kiingereza zilizosifiwa. Lakini filamu iliyompa Oscar ni ile aliyorudi kuitengeneza kwao, kwa lugha ya mama yake. Nilipoambiwa hivyo niliutazama mkono wangu ule ulioinuka.

Sasa tuingie katika kanuni, kwa kuwa hili ni somo. Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa kwamba kila nchi inateua filamu moja, filamu zote zinachujwa, na mwishowe zinabaki tano ambazo ndizo husemwa "zimeteuliwa." Tangu mwaka wa 2020 tuzo hii inaitwa ya filamu bora ya kimataifa. Jina lilibadilika lakini sharti kubwa likabaki, yaani zaidi ya nusu ya mazungumzo lazima yawe katika lugha isiyo Kiingereza. Wenzetu wa Nigeria waliligundua kwa uchungu mwaka wa 2019. Walipeleka filamu yao Lionheart, ikaondolewa kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa Kiingereza na Kiigbo kilisikika kwa dakika chache tu. Kulikuwa na malalamiko, na kwa maoni yangu yalikuwa ya haki, maana Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Nigeria na hawakujiletea wenyewe. Hata hivyo kanuni haikulegezwa. Kumbe mlango huu tuliodhani unafunguliwa kwa Kiingereza, Kiingereza ndicho kinachoufunga!

Msidhani Wapolandi walifika mara moja wakashinda. Waliteuliwa kwanza kwa Nóż w wodzie, yaani "Kisu Majini," filamu ya Roman Polanski ya mwaka 1962. Ni mume, mke na kijana waliyemwokota njiani, wote ndani ya mashua moja, basi. Ikashindwa na ya Mwitaliano Fellini. Ikaja Faraon, hadithi ya Misri ya kale, ikashindwa na Wafaransa. Wakateuliwa tena na tena, wakarudi mikono mitupu. Kuna mwaka ambao ulinichekesha, nao ni 1977. Filamu yao Noce i dnie, "Usiku na Mchana," ilishindwa na filamu iliyopelekwa na nchi ya Afrika, Côte d'Ivoire! Nilitaka kupiga vigelegele mpaka mlezi aliponiambia kwamba mwelekezi alikuwa Mfaransa na lugha ni Kifaransa. Nikaketi. Kwa jumla, kufikia filamu ya 2022, Polandi imeteuliwa mara 13 katika kundi hilo na kushinda mara moja. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Mtu aliyenigusa zaidi ni Andrzej Wajda. Filamu zake nne zimo katika hizo 13. Moja ni Człowiek z żelaza, "Mtu wa Chuma," kuhusu migomo ya wafanyakazi wa bandari ya kutengenezea meli huko Gdańsk. Ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 1981, na Desemba mwaka huohuo serikali yao ikatangaza utawala wa kijeshi. Nyingine ni Katyń ya 2007, kuhusu maofisa wa Polandi waliouawa na Wasovieti mwaka 1940. Baba yake Wajda alikuwa miongoni mwao. Hakuna hata moja kati ya nne iliyoshinda Oscar, ila Machi 2000 alipewa Oscar ya heshima kwa kazi yake yote. Alipopanda jukwaani Marekani aliwaambia kwamba atasema Kipolandi, kwa sababu ndiyo lugha anayofikiria na kuhisia. Akasema Kipolandi, na ukumbi wote ukamsikiliza.

Na ile ya 2022, EO, mhusika mkuu ni punda. Walitumia punda sita kumwigiza mmoja, na mwelekezi, mzee Jerzy Skolimowski, alipopokea tuzo Cannes aliwashukuru punda wote kwa majina yao. Sisi husema asante ya punda ni mateke, lakini yeye ndiye aliyewapa asante. Mzee huyuhuyu alishiriki kuandika Kisu Majini miaka 60 nyuma!

Kenya nayo imejaribu. Nairobi Half Life ilipelekwa mwaka wa 2012, na Supa Modo mwaka wa 2018, zote zikiwa na Kiswahili ndani. Hazikuingia katika tano bora. Mwenzangu yule, baada ya kupangusa pua, aliniambia, "Polandi ni Ulaya, wana pesa." Ana hoja, siwezi kuikataa yote. Wana shule ya filamu mjini Łódź tangu 1948, na Wajda, Polanski na Skolimowski wote walipitia humo. Shule kama hiyo na pesa ya kuiendesha si mchezo. Lakini hoja hiyo ni ya shule na pesa, si ya lugha. Kipolandi kina wasemaji kama milioni 40. UNESCO ilipotangaza Siku ya Kiswahili mwaka 2021 ilitaja wasemaji zaidi ya milioni 200.

Tulipiga kura upya Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga shule. Safari hii niliinua mkono upande mwingine, na yule bwana wa kamasi pia. Mswada una kurasa sita sasa. Tunatafuta wa kuigiza nyanya, na mtu mwenye simu ya kamera nzuri ambaye mzazi wake hatakataa.